Swichi Isiyoguswa na Chumvi ya Pwani

Msafiri apitaye usiku katika barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, au katika barabara kuu yoyote ya nchi yetu, aghalabu hukutana na matawi yenye majani mabichi yaliyolazwa juu ya lami. Dereva yeyote wa Afrika Mashariki huielewa lugha hiyo: mbele kuna gari lililoharibika. Ni ishara ya busara, nayo haimgharimu mtu senti moja. Hata hivyo ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba majani hayatoi mwanga. Dereva aendaye kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 22 katika kila sekunde, naye huyaona majani hayo pale tu taa zake mwenyewe zinapoyafikia. Kwa gari jepesi lenye breki nzuri muda huo waweza kutosha. Kwa lori lililosheheni magunia, mara nyingi hautoshi.

Ndiyo sababu magari yaliwekewa taa za tahadhari, ambazo mafundi wetu huziita hazadi. Nchini Marekani zilifanywa kuwa za lazima katika magari mapya mwishoni mwa miaka ya 1960, na nchi nyingine zikafuata. Taa hizo si taa za ziada. Ni taa zilezile nne za pembeni zitumiwazo kuonyesha kwamba gari linakata kushoto au kulia, isipokuwa sasa hupepesa zote kwa pamoja, kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na huweza kuwaka hata ufunguo wa gari ukiwa umetolewa. Kwa kuwa ni taa zilezile, swichi moja hulazimika kuyaunganisha mambo mawili ambayo siku zote hutakiwa kuwa mbalimbali. Katika jambo hilo ndimo ulimo ugonjwa tutakaoueleza.

Mwandishi wa makala haya aliukuta ugonjwa huo mjini Bagamoyo katika Volkswagen ya mwaka 1973, lile gari dogo lenye mgongo kama wa kobe ambalo wazee wetu wanalikumbuka vema. Viwanda viliunda magari ya namna hiyo zaidi ya milioni 21 kabla ya kuacha kabisa mwaka 2003 huko Mexico, na machache yaliyosalia katika pwani yetu hutunzwa kwa mapenzi makubwa. Hili lilikuwa la mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyelihifadhi chini ya banda la makuti, umbali wa kutupa jiwe kutoka ufukweni. Taa zake za kuonyesha upande zilikuwa zikiwaka kwa unyonge, zikichelewa kupepesa, na siku nyingine zikibaki zimewaka tu bila kupepesa. Fundi alikuwa amekwisha kubadilisha flasha, yaani kile kikopo kidogo kinachokata na kurudisha umeme, mara mbili.

“Shikamoo, Mwalimu,” fundi alisema siku ile, “flasha hizi za siku hizi hazidumu.”

“Marahaba, mwanangu. Lakini mbili kwa miezi mitatu?”

Swali hilo la mzee lilikuwa swali la kisayansi kweli. Kifaa kipya kikishindwa kama kile cha zamani kilivyoshindwa, yafaa kutazama kitu kingine.

Swichi yenye kazi mbili

Magari ya Ujerumani yana jambo moja linalomsaidia sana mwanafunzi. Kila mahali pa kufungia waya pamepigwa namba, na namba hizo hufuata kanuni moja ya viwango vya nchi hiyo, liwe gari la kampuni hii au ile. Namba 30 ni waya utokao moja kwa moja kwenye betri, wenye umeme mchana na usiku. Namba 15 ni waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapofunguliwa. Namba 49 huingiza umeme kwenye flasha, na 49a huutoa humo ukiwa umekatwakatwa. Herufi L na R ni za maneno ya Kijerumani yenye maana ya kushoto na kulia.

Sasa tuufuate mkondo wa umeme. Mtu anapotaka kukata kona, mkondo hutoka kwenye 15, huingia 49, hupita katika flasha, hutokea 49a, huenda kwenye mkono wa swichi ulio karibu na usukani, na kutoka hapo huelekea L au R, kamwe si kote kuwili. Anapovuta au kubonyeza swichi ya tahadhari, mambo matatu hutendeka kwa mara moja: 15 huachanishwa na 49, 30 huunganishwa na 49, na 49a huunganishwa na L pamoja na R.

Msomaji mwangalifu atakuwa amekwisha kuliona jambo lililojificha. Umeme wa taa za kila siku, zile za kukata kona, hupita ndani ya swichi ya tahadhari hata wakati swichi hiyo imezimwa. Dereva aweza kukaa miaka mitano bila kuigusa, akadhani kwamba haifanyi kazi yoyote, kumbe kila anapokata kona mkondo hupita katika vigusio vyake, yaani vile vipande vidogo vya shaba vinavyogusana ndani ya swichi. Mpangilio huu haumo katika Volkswagen peke yake. Mercedes-Benz za miaka ya 1970 na 1980 zimejulikana sana kwa kuharibikiwa taa za pembeni kwa sababu hii hii.

Tena, swichi isiyoguswa huharibika upesi kuliko ile iguswayo. Kila swichi inapobonyezwa, vigusio vyake husuguana kidogo na kukwangua utando wa oksidi ulioanza kujijenga juu yake. Swichi ya taa kubwa hujisafisha kila jioni kwa namna hiyo, ilhali swichi ya tahadhari haina wa kuisafisha.

Kazi ya chumvi

Katika lita moja ya maji ya bahari mna takriban gramu 35 za chumvi. Mawimbi yanapopasuka hurusha matone madogo mno. Matone hayo hukauka hewani, na chembe za chumvi husalia zikielea. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, kwa hiyo Kaskazi na Kusi zote mbili huzileta nchi kavu, kila moja kwa msimu wake. Kule Nunge watu huyatega maji ya bahari katika mashamba ya chumvi na kuliachia jua liyakaushe. Kinachofanyika Nunge kwa makusudi hufanyika nyuma ya dashibodi pasipo mtu kukusudia, isipokuwa mavuno yake hupimwa kwa chembe, si kwa magunia.

Chumvi kavu peke yake haina madhara makubwa. Lakini kila mpishi wa pwani anajua kwamba wakati wa masika chumvi iliyo jikoni hulowa yenyewe. Unyevu wa hewa ukizidi kiasi cha asilimia 75, chumvi ya kawaida huvuta maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka. Na chumvi za magnesiamu, ambazo nazo zimo katika bahari, huyavuta hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiku swichi hufunikwa na utando wa maji ya chumvi, maji ambayo hupitisha umeme. Tukumbuke kwamba namba 30 haizimwi kamwe. Kati yake na sehemu nyingine za swichi mkondo mdogo sana hupita katika utando huo usiku kucha, na shaba iliyo upande wa chanya huliwa kidogo kidogo, kama vile ncha ya shaba inavyoliwa katika chombo cha elektrolisisi. Ukitazama nyuma ya swichi ya zamani katika mji wowote wa pwani yetu, yaelekea utakuta ukungu wa kijani umejaa zaidi kwenye namba 30.

Jambo hili mwalimu aweza kulionyesha darasani kwa dakika chache. Chukua waya mbili nene za shaba zilizochunwa, zitumbukize katika glasi ya maji ya chumvi bila kugusana, kisha ziunganishe na betri kavu za volti 6. Waya wa upande wa hasi utatoa mapovu ya haidrojeni; ule wa upande wa chanya utaanza kuliwa, na maji yatachafuka. Madirisha yawe wazi, na maji hayo yasimwagwe mahali wanyama wanywapo.

Taa ya kupimia inayodanganya

Kwa nini basi fundi hakuuona ubovu wa swichi? Alikuwa na taa ya kupimia, yaani balbu ndogo yenye waya mbili, chombo kinachopatikana katika kila gereji. Alifunga waya mmoja kwenye bodi ya gari, akagusa 49 kwa waya wa pili, na balbu ikawaka vizuri. Akahitimu kwamba umeme unafika kwenye flasha, na kwamba flasha ndiyo mbovu. Hukumu hiyo ilionekana ya haki, lakini haikuwa sahihi, na hesabu ya kidato cha tatu yatosha kuonyesha kosa lilipo.

Tuseme vigusio vilivyoota kutu vina ukinzani wa nusu omu. Balbu ya kupimia yenye wati 2 kwa volti 12 huvuta kiasi cha ampea 0.17. Zidisha kwa 0.5: volti zinazopotea katika swichi ni chini ya 0.1. Jicho la binadamu haliwezi kuiona tofauti hiyo, na balbu huonekana inang'aa kama kawaida.

Taa za pembeni, kwa upande wao, si za wati 2. Kila moja ni ya wati 21, nazo huwaka mbili kwa pamoja, moja mbele na moja nyuma. Katika volti 12 kila moja huvuta ampea 1.75, hivyo zote mbili ni ampea 3.5, na ukinzani wao zikiwa zimefungwa sambamba ni omu 3.43. Ongeza nusu omu ya swichi, upate 3.93. Mkondo sasa hushuka hadi ampea 3.05 hivi, na volti moja na nusu hupotelea ndani ya swichi. Taa zabakiwa na volti 10.5. Hasara hiyo yaonekana ndogo, lakini mwanga wa balbu ya uzi hushuka upesi mno kuliko volti zake. Hapa zaidi ya theluthi moja ya mwanga imekwisha kupotea. (Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa maana ukinzani wa uzi wa balbu nao hupungua kidogo uzi unapopoa. Mwanafunzi hodari aweza kujiuliza jambo hilo lasogeza jibu upande gani.)

Ama kuhusu flasha, zile za zamani hufanya kazi kwa joto. Ndani mna ukanda mwembamba wa metali. Mkondo wa taa hupita humo, ukanda hupata moto, hutanuka, na kuachanisha vigusio. Ukipoa hujikunja na kuviunganisha tena. Gari la mwalimu wetu lilikuwa limewekwa flasha ya namna hiyo. Joto hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukishuka kutoka ampea 3.5 hadi 3.05, joto hubaki kama robo tatu tu ya lile lililokusudiwa. Ukanda huchelewa kutanuka, au hautanuki vya kutosha kabisa, na taa hubaki zimewaka bila kupepesa. Flasha ilikuwa nzima, ila ilipewa mkondo pungufu.

Hali huwa mbaya zaidi dereva anapozihitaji taa zote nne. Ukinzani wa balbu nne ni omu 1.71, ukiongeza nusu omu, mkondo huwa ampea 5.4, nazo volti 2.7 hupotea. Mwanga hubaki kama sehemu mbili katika tano za mwanga wa kawaida. Isitoshe, wati karibu 15 hugeuka joto ndani ya kijumba cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Ncha ya pasi ya kuchomelea waya haihitaji zaidi ya hapo kuiyeyusha risasi yake. Hivyo swichi mbovu hujiharibu zaidi saa ileile inapohitajiwa.

Chombo kinachosema kweli ni voltimita, nacho hutumiwa wakati taa zikiwa zimewaka. Unganisha 49 na 49a kwa kipande cha waya ili flasha iwekwe kando na taa ziwake mfululizo, weka mkono wa usukani upande mmoja, fungua ufunguo, kisha gusisha ncha moja ya voltimita kwenye 15 na ya pili kwenye 49 nyuma ya swichi. Swichi nzima itaonyesha karibu na sifuri. Ya gari lile ilionyesha volti 1.5.

Kuifungua na kuisafisha

Kabla ya kufungua chochote, ivute na kuirudisha swichi mara ishirini au thelathini. Mara nyingi taa hufufuka papo hapo, jambo linalothibitisha kwamba kutu ya vigusio ndiyo iliyokuwa kizuizi. Nafuu hiyo hudumu kwa siku chache au wiki chache, kwa kuwa chumvi bado imo ndani.

Kwa kazi ya kudumu, fungua kwanza waya wa hasi wa betri, ambayo katika gari hili imo chini ya kiti cha nyuma. Hatua hii isirukwe, kwa sababu namba 30 haina ufunguo wa kuizima. Nyuma ya dashibodi hufikiwa kupitia sehemu ya mizigo iliyo mbele, baada ya kuondoa kifuniko chake. Andika namba ya kila waya kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye waya huo kabla ya kuuchomoa. Anayetegemea kumbukumbu hujutia baadaye.

Kijumba cha swichi hushikwa kwa vimeno vya plastiki ambavyo baada ya miaka hamsini huvunjika upesi. Vibanue kwa bisibisi nyembamba, taratibu, swichi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha nuru. Ndani mna springi na vipande vidogo ambavyo huruka kama panzi, na fundi aliyewahi kutambaa sakafuni akitafuta springi ya milimita tano hataudharau ushauri huu.

Hapa mafundi wengi hukosea jambo moja. Huiosha swichi kwa petroli. Petroli huondoa grisi, lakini chumvi haiyeyuki katika petroli. Husalia palepale, ikingoja usiku ulowe. Petroli yenyewe nayo ni hatari ya moto. Dawa ya chumvi ni maji matamu: osha vipande vyote mara mbili tatu kwa maji safi ya mvua, kausha, kisha ndipo upanguse kwa spiriti. Ukungu wa kijani na weusi uliobaki juu ya vigusio usugue kwa raba ya kufutia penseli. Msasa mkali usitumike, kwani baadhi ya vigusio vimepakwa fedha nyembamba sana, na msasa huimaliza kwa mikwaruzo miwili. Ikiwa kibamba cha shaba kimelegea, kikunje kidogo sana ili kigandamize tena. Baada ya kuifunga swichi, paka mafuta ya mgando kidogo kwenye sehemu za nje za kufungia waya. Mafuta hayo huzuia unyevu usiifikie shaba.

Wapo wanaoona kazi hii ni ndefu na kuchagua njia ya mkato. Wengine huunganisha waya wa 15 na 49 moja kwa moja na kuitupa swichi. Taa za kukata kona hupona, lakini gari halina tena taa za tahadhari, na anayelinunua baadaye hatambui hilo mpaka usiku atakapoharibikiwa njiani. Wengine hufunga L na R pamoja, na tangu hapo kila kona huonekana kama hatari. Wapo pia wanaoifunga fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya sigara. Fyuzi nyeupe za gari hili ni za ampea 8, na taa nne zikiwaka huvuta ampea 7. Nafasi iliyoachwa ni ampea moja tu, na iliachwa hivyo kwa sababu. Mwandishi angemsamehe fundi makosa mengi kabla ya kumsamehe hilo la karatasi.

Swichi ya mwalimu ilipooshwa na kurudishwa mahali pake, tuliipima tena kwa njia ileile, taa mbili zikiwaka. Sindano ya voltimita haikufika sehemu ya kumi ya volti moja. Fundi, ambaye alikuwa amefuata kila hatua bila kusema neno, alikwenda kwenye sanduku lake akaleta zile flasha mbili alizozitoa miezi iliyotangulia, zikiwa zimefungwa katika kitambaa. Alichomeka ya kwanza, nayo ikapepesa. Alichomeka ya pili, nayo vilevile.